Namna ya Kuandaa Barua ya Habari na Matukio kwa Familia za Shule Binafsi

Barua ya habari inayotoka shuleni kwenda kwa familia ina kazi moja iliyo juu ya nyingine zote, nayo ni kumwezesha mzazi au mlezi kutenda jambo kwa wakati wake: kumfikisha mtoto saa inayotakiwa, kutia saini fomu ya ridhaa kabla ya ziara, kuomba ruhusa kazini ili ahudhurie kikao, au kujua mapema kwamba Ijumaa fulani watoto wataruhusiwa kabla ya muda wa kawaida. Habari za ushindi wa timu na za maonyesho ya darasani zina nafasi yake, lakini barua ambayo mzazi anaisoma hadi mwisho akabaki hajui anatakiwa kufanya nini, na lini, haijamsaidia hata kama imepambwa vizuri.

Katika shule binafsi jambo hili lina uzito wa pekee. Shule ya namna hii mara nyingi hujipangia sehemu kubwa ya kalenda yake kupitia uongozi na bodi, kwa hiyo mzazi hawezi kukisia siku ya kufunga muhula kwa kuangalia shule ya jirani, na familia yenye watoto katika shule mbili inaweza kujikuta na likizo mbili zisizolingana. Barua ya shule ndiyo chanzo chake pekee. Isitoshe, shule inayoendeshwa kwa ada huwa na kishawishi cha kuigeuza barua kuwa tangazo la kujinadi, ilhali anayeisoma amekwisha kumwandikisha mtoto wake na hahitaji kushawishiwa upya. Kila sentensi inayoisifu shule kwa “ubora wa hali ya juu” inausogeza chini mstari unaosema kikao kitaanza saa ngapi. Ninashauri sifa hizo zifutwe bila kuonewa huruma, kisha nafasi iliyopatikana ipewe tarehe.

Kalenda kwanza

Kosa linaloharibu barua nyingi hutokea kabla hata hazijaanza kuandikwa. Mwalimu wa michezo amepanga mashindano siku ambayo mwalimu wa taaluma ameweka mtihani wa majaribio, mhasibu ametaja siku ya mwisho ya malipo inayoangukia Jumapili, na mwandishi anazikusanya taarifa hizo na kuzibandika kama zilivyo. Kwa sababu hiyo, shule iwe na kalenda moja yenye msimamizi mmoja, na tukio lolote lisitangazwe kwa familia kabla halijaingizwa humo. Mwandishi akutane kwa muda mfupi na wahusika wote kabla ya kuandika, wakiwamo msimamizi wa bweni na wa usafiri, maana hao wawili husahaulika mara kwa mara na ndio wanaoguswa na karibu kila badiliko la ratiba.

Wakati wa kupitia kalenda, itazameni kwa macho ya familia yenye mtoto mmoja katika darasa la awali na mwingine sekondari. Matukio mawili yanayopangwa saa ileile katika majengo mawili huenda yasisumbue idara yoyote ya shule, lakini yanamlazimu mama mmoja achague ni mtoto gani atamwacha bila mtazamaji.

Sikukuu za dini zinahitaji uangalifu wake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Idi huja mapema zaidi mwaka hadi mwaka, na pale inapotegemea kuandama kwa mwezi haiwezi kutajwa kwa uhakika wiki kadhaa kabla. Iandikeni tarehe inayotarajiwa, mseme wazi kwamba itathibitishwa mwezi utakapoandama, na mweleze uthibitisho huo utatumwa kwa njia gani. Pasaka nayo, kwa makanisa yanayofuata kalenda ya Gregori, huangukia popote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na tofauti hiyo ya zaidi ya mwezi inaweza kuugawa muhula kwa namna ambayo mpangilio wa mwaka uliopita hautaitabiri.

Kuandika tukio lijalo

Hapa ndipo mwandishi anapopaswa kutumia muda wake mwingi. Chukueni tangazo la namna hii: “Wazazi wote mnakaribishwa katika Siku ya Wazazi wiki ijayo asubuhi. Tafadhali msikose.” Lina heshima, lakini limeacha karibu kila kitu. Maneno “wiki ijayo” yanabadilika maana kulingana na siku ambayo barua inasomwa, na barua nyingi husomwa siku kadhaa baada ya kutumwa. Haijulikani ni wazazi wa madarasa yapi, waingie ukumbi gani, wabaki hadi saa ngapi, wala kama mtoto anatakiwa kuwepo.

Tangazo hilohilo likiandikwa kwa ajili ya mtu atakayelitekeleza litakuwa hivi: “Siku ya Wazazi wa darasa la tano na la sita itafanyika Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, katika ukumbi mkuu, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana. Wanafunzi wahudhurie wakiwa wamevaa sare kamili. Mabasi ya shule hayatafanya kazi siku hiyo. Mzazi au mlezi asiyeweza kufika amjulishe mwalimu wa darasa kabla ya Jumatano, tarehe 11 Machi, ili apangiwe siku nyingine.” Ni refu kuliko la kwanza, na urefu huo una faida, kwa sababu unaondoa maswali ambayo vinginevyo yangeulizwa kwa simu na kila familia kwa wakati wake.

Siku ya juma iandikwe pamoja na tarehe, kisha mtu ahakikishe kwenye kalenda kwamba vinalingana. Kuitaja Jumamosi na kuweka tarehe ya Ijumaa ni kosa jepesi kufanyika, hasa tangazo la mwaka jana linaponakiliwa na kurekebishwa nusu, na matokeo yake ni nusu ya familia kufika siku moja na nusu nyingine siku ya pili. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi badala ya namba, kwa sababu 3/4 husomwa na wengine kuwa tarehe tatu ya mwezi wa nne, na wengine huisoma kuwa tarehe nne ya mwezi wa tatu, na shule yenye familia zilizotoka nchi mbalimbali haiwezi kudhani kwamba wote wanasoma kwa mpangilio mmoja.

Saa nayo ina mtego ambao msomaji wa Kiswahili anaufahamu vizuri. Saa 2:00 asubuhi ndiyo 8:00 katika saa ya simu, na barua inayoandika “2:00” peke yake inamwachia mzazi kuamua ni ipi. Chagueni mfumo mmoja, muutumie katika barua zote, na kila saa ifuatwe na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ikiwa shule ina wazazi wasiozoea saa ya Kiswahili, au ikiwa mwaliko wa kalenda unatumwa kwenye simu, hakikisheni muda uliomo katika mwaliko na ule ulio katika barua ni mmoja.

Muda wa kumalizika usiachwe kamwe. Mwandishi huuona kuwa jambo dogo, lakini kwa mzazi anayemfuata mtoto, au anayerudi kazini, huo ndio unaopanga siku yake. Ikiwa haujulikani kwa hakika, taja muda ambao hamtaupita. Vilevile semeni iwapo ndugu wadogo wanaweza kuja, na kama mahali pa tukio pana ngazi nyingi, mweleze njia anayoweza kuitumia mzee au mtu mwenye kiti cha magurudumu. Babu na bibi hupenda sana kuhudhuria, na wengi wao hukaa nyumbani kwa kuhofia usumbufu ambao sentensi moja ingeuondoa.

Habari za yaliyopita

Sehemu hii iwe fupi na iwe mahususi. “Wanafunzi walifurahia sana ziara yao” ni sentensi inayofaa ziara yoyote, kwa hiyo haimwambii mzazi lolote. Mweleze badala yake walichopima, walichokichora au swali walilomuuliza mwenyeji wao, naye atapata la kuzungumza na mtoto jioni. Wekeni pia kumbukumbu ya madarasa yaliyokwisha kutajwa. Bila kumbukumbu hiyo, washindi wa mashindano hurudi kila toleo, huku darasa lenye utulivu likipita muhula mzima bila kuonekana, na wazazi wake huliona pengo hilo hata wasiposema.

Majina, picha na mambo ya faragha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, unatambua katika kifungu cha 16 haki ya mtoto ya kutoingiliwa faragha yake kiholela. Kwa mwandishi wa barua ya shule, maana yake ya vitendo ni kwamba picha au jina la mtoto havitumiwi bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na kwamba ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Orodha ya wasiotaka watoto wao waonekane ikae karibu na anayechagua picha, isiwe imefungiwa katika kabati la ofisi. Hata pale ridhaa ipo, ni busara kutoweka jina kamili chini ya picha ya mtoto mmoja, na kutochapisha mahali na saa ambapo basi huwashusha watoto, kwa kuwa barua husambazwa mbali kuliko alivyokusudia mwandishi. Picha zilizopigwa kwa simu zinaweza pia kubeba taarifa ya mahali zilipopigwa, nayo ifutwe kabla picha hazijatumwa.

Kuna mambo ambayo hayana nafasi katika barua hii kwa hali yoyote, nami ninalisema hili kwa mkazo. Majina ya familia zenye deni la ada, au maelezo yanayowafanya watambulike, ni ya mazungumzo ya faragha kati ya mhasibu na mzazi. Deni si la mtoto, lakini anayechekwa darasani ni yeye. Vivyo hivyo kwa adhabu. Ugonjwa unaoambukiza ukitokea, tajeni darasa, dalili za kuangalia na hatua inayotakiwa, bila kumtaja mgonjwa. Msiba utangazwe baada tu ya familia iliyofiwa kuulizwa na kukubali, pamoja na maneno yenyewe.

Tumieni “mzazi au mlezi” tangu salamu hadi mwisho. Pale wazazi wametengana, na hakuna amri ya kisheria inayozuia, kila mmoja apate nakala yake moja kwa moja, ili mtoto asifanywe mjumbe kati yao.

Kuituma

Barua itoke siku ileile kila mara, kwa kuwa familia hujifunza kuitafuta. Matukio yanayohitaji hatua yakae juu kabisa, kwa mpangilio wa tarehe, na habari zifuate. Maandishi yawe ndani ya ujumbe wenyewe badala ya faili zito la picha, ambalo hugharimu data na halisomeki vizuri kwenye simu ndogo. Mkituma kwa barua pepe, anwani za wazazi ziwekwe katika sehemu ya nakala zisizoonekana na wapokeaji wengine. Katika kundi la simu, wekeni kundi la matangazo ambamo ni shule pekee inayoandika, kwa maana tangazo lililowekwa katika kundi la mazungumzo huzama chini ya salamu na shukrani kabla ya jioni.

Kwa familia zinazotegemea ujumbe mfupi wa simu, kumbukeni kwamba ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na kwamba ukiweka emoji au alama isiyo katika seti ya msingi ya herufi za ujumbe mfupi, kikomo hushuka hadi 70, ujumbe ukagawanyika na gharama ikaongezeka. Ritifaa iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe katika maneno yenye ng’ ni mojawapo ya alama hizo, kwa hiyo ibadilisheni iwe ile iliyonyooka kabla ya kutuma.

Kabla ya kutuma, mtu ambaye hakushiriki kuiandaa aisome, kisha aeleze kwa maneno yake afanye nini, lini na wapi. Akisita mahali, paandikeni upya.

Tarehe inapobadilika

Mabadiliko hayaepukiki, na namna yanavyotangazwa huamua kama familia zitaiamini barua inayofuata. Msitume barua nzima iliyorekebishwa kimyakimya mkitumaini kwamba wasomaji wataigundua tofauti; wengi wataidhani ni ileile na kuipita. Tumeni ujumbe wa pekee, wenye neno MABADILIKO mwanzoni, unaotaja tarehe zote mbili, mpya na ya zamani: “Kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza kitafanyika Alhamisi, tarehe 19 Machi, si Jumatano, tarehe 18 Machi. Saa na mahali havijabadilika.” Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, kwa kuwa msomaji akiona badiliko moja huanza kushuku mengine. Kalenda ya shule irekebishwe kabla ujumbe haujatoka. Tukio likiahirishwa au kufutwa, elezeni mara moja hatima ya michango iliyokwisha kulipwa, fomu zilizokwisha kusainiwa na usafiri uliopangwa, hata kama jibu la sasa ni kwamba uamuzi utatolewa siku fulani.

Katika siku zinazofuata kila toleo, anayepokea simu ofisini aandike maswali ambayo wazazi wanayauliza kuhusu mambo yaliyotangazwa. Swali linalojitokeza kwa familia kadhaa linaonyesha mstari uliokosekana, na mstari huo uongezwe katika tangazo la aina hiyo kuanzia toleo lijalo.