Gemu mpya imetangazwa na hela unayo? Pitia hapa kabla hujalipa

Wadau, gemu kubwa saivi inauzwa dola 70 hivi, hapo bado makato ya kadi, bado bando la kushusha GB 100 na kitu, afu unaifungua unakuta inakrashi kila ukipiga hatua mbili au seva hazina watu. Kinachouma ni kwamba gemu nyingi zilizobuma miaka hii zilikuwa na dalili za wazi kabisa kabla hazijatoka, watu hawakuangalia tu, au waliangalia wakajifanya hawajaona kwa sababu treila ilikuwa kali. Naeleza hapa unaangalia nini na wapi, na kama ushapigwa tayari unafanyaje.

Cha kwanza, na mimi ndo nakiamini kuliko vingine vyote: angalia rivyu (maoni ya waliopewa kuijaribu) zinaruhusiwa kutoka lini na nani kapewa gemu mapema. Iko hivi, kampuni inawapa waandishi na watu wa YouTube gemu siku kadhaa kabla, wanakubaliana hakuna kusema chochote mpaka saa fulani, hiyo ndo embago. Kampuni inayojiamini inaruhusu rivyu zitoke mapema, siku mbili tatu au hata wiki kabla, maana inataka usome ukanunue. Isiyojiamini inaweka saa ileile duka linapofunguliwa, au haimpi mtu kabisa. Suicide Squad: Kill the Justice League ya Februari 2024 waandishi hawakupata mapema. MindsEye ya Juni 2025 hivyohivyo. Zote mbili unajua zilivyoishia, ya kwanza Warner Bros wenye gemu waliandika hasara ya dola milioni 200 kwenye hesabu zao, ya pili watu walikuwa wanadai hela zao wiki ileile.

Ila embago ina ujanja wake na Cyberpunk 2077 ndo mfano wa kukaa nao kichwani. Ilitakiwa itoke Aprili 2020, ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, mwisho ikatoka 10 Desemba 2020. Kusogezwa peke yake sio dalili mbaya, gemu nyingi nzuri zimesogezwa, angalia walichofanya kwenye rivyu: waliopewa mapema walipewa ya PC tu, ya PS4 na Xbox One hakupewa mtu, na hata hao wa PC walikatazwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe, watumie vipande walivyopewa na kampuni. Wakati huohuo mabosi wa CD Projekt, kampuni iliyoitengeneza, wanawaambia wawekezaji kwenye PS4 na Xbox One inaenda vizuri tu. Rivyu zikashuka na alama kama 90 kwenye Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za rivyu, mwenye PS4 kaona 90 kajua inamhusu. Haimhusu! Watu milioni 8 walikuwa washalipia kabla haijatoka, siku ya siku kwenye PS4 ya kawaida sura za watu hazipakii, magari yanaibuka tu barabarani, gemu inajifunga yenyewe, na ilipofika tarehe 17 Sony wakatangaza wanaitoa dukani kwao na wanarudisha hela. Ikakaa nje mpaka Juni 2021.

Kwaiyo ukisoma rivyu usiishie kwenye alama, tafuta imechezewa kwenye mashine gani. Una PS4, tafuta ya PS4. Una kompyuta yenye kadi ya grafiksi ya zamani, ingia YouTube andika jina la gemu na jina la kadi yako, kwa gemu kubwa humkosi mtu mwenye mashine kama yako anaonyesha fremu (picha kwa sekunde) zinavyoshuka. PC ndo kuna balaa zaidi kwa sababu mara nyingi inafanywa ya mwisho na timu ndogo, Batman: Arkham Knight ilitoka Juni 2015 na kesho yake tu Warner wakasimamisha kuiuza kwenye PC, imerudi mwishoni mwa Oktoba. Kwenye PS4 ilikuwa nzuri kabisa, gemu ileile.

Treila sasa. Treila ni tangazo, msiumie. Unachotafuta ni video ya mtu anacheza kweli, dakika ishirini au zaidi bila kukatwa, na ikiwezekana asiwe mfanyakazi wa kampuni. Kama imebaki wiki moja na video kama hiyo haipo popote, jiulize kwanini. Aliens: Colonial Marines ilionyeshwa kwenye demo ikiwa na taa na vivuli vya kutisha kinoma, Februari 2013 ikatoka ina grafiksi za kizee na maadui wanaokimbia kama wamepotea njia. Kuna kichekesho pale, miaka baadae ikagundulika kwenye faili moja la gemu kuna neno limekosewa herufi, wameandika teather badala ya tether, na ukilirekebisha mwenyewe wale maadui wanapata akili kidogo. Anthem nayo, demo ya E3 2017, yale maonyesho makubwa ya gemu, iliua watu, baadae waliofanya kazi pale wakamsimulia mwandishi Jason Schreier kwamba kile kilichoonyeshwa kilikuwa cha kupangwa, gemu yenyewe hata wao walikuwa bado hawajajua itakuwaje.

Ukiwa hapohapo angalia na studio inajulikana kwa nini. Kuna mkumbo uliingia ambao studio zenye sifa ya gemu za kucheza peke yako na stori kali zinahamia gemu za mtandaoni za kucheza kundi na kununua nguo kila msimu. BioWare waliotuletea Mass Effect wakaja na Anthem. Rocksteady wa Batman wakaja na hiyo Suicide Squad. Arkane Austin waliofanya Prey wakaja na Redfall Mei 2023, na Mei 2024 studio ikafungwa kabisa. Ni fundi wa makochi unampa gia boksi, ni fundi kweli ila sio wa hicho. Jina la studio kwenye boksi lisikulaze usingizi.

Kama gemu ni ya mtandaoni tu, hapa usicheze kabisa, angalia namba za watu. Ingia SteamDB, tovuti ya takwimu za Steam (duka la gemu za kompyuta), ni bure, andika jina la gemu inakuonyesha saa hii wako wangapi na siku ilipojaa walifika wangapi. Concord ya Sony ilifanya majaribio ya bure Julai 2024, ya bure kabisa mtu yeyote aingie, kwenye Steam hawakufika hata 2,500 kwa wakati mmoja. Mtu akiona hiyo anatakiwa ajue, bure tu hawaji, wakiambiwa dola 40 ndo watakuja? Ilitoka 23 Agosti, Steam ikaishia kwenye kilele cha watu 697, tarehe 6 Septemba seva zikazimwa, wiki mbili! Hela walirudisha kwa kila mtu, hilo niwape sifa yao, na Oktoba studio ya Firewalk ikafungwa. Na wala tatizo sio bei, maana mwaka uleule Helldivers 2 ya Sony haohao kwa dola 40 hizohizo iliuza nakala milioni 12 ndani ya miezi mitatu.

Usichanganye hizo namba na wishlist lakini, yaani idadi ya waliobonyeza kwamba wanaitamani gemu. The Day Before ilikaa juu kabisa kwenye orodha ya gemu zinazosubiriwa Steam, inajinadi ni ulimwengu mkubwa wa mazombi wa kuishi na maelfu ya watu, ikatoka 7 Desemba 2023 ni kitu kingine kabisa, na tarehe 11, siku nne tu, studio inasema inafunga. Dalili zilikuwepo za kumwaga, kusogeza tarehe kila mara, mgogoro wa jina, na walikuwa wanasema wazi kabisa wanatumia watu wa kujitolea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilitembezwa sana.

Kuna kitu kimoja kinatuhusu sisi wa huku ambacho rivyu za Marekani hazitakwambia: angalia gemu inataka akaunti gani. PSN, mtandao wa PlayStation, rasmi haipo Tanzania wala Kenya, watu wengi wanatumia akaunti ya nchi nyingine na kadi za zawadi. Mei 2024 Sony wakasema kila mchezaji wa Helldivers 2 wa PC lazima aunganishe na PSN, na gemu ikaondolewa kwenye Steam ya nchi zaidi ya 170 zisizokuwa na PSN, na sisi tumo humo. Kelele zikawa nyingi wakafuta lile sharti, ila mtu alishaonja. Kwenye ukurasa wa gemu Steam upande wa kulia kuna kisanduku kinaandika kama inahitaji akaunti ya kampuni nyingine, kisome kabla ya kubonyeza.

Na gemu ya zamani ikitolewa upya, usiifute ile uliyonayo. GTA Trilogy ya Novemba 2021, GTA tatu za zamani zilizotengenezwa upya, ndani yake kuna San Andreas, gemu ambayo huku mtu anaijua kuliko mtaa wao, watu wakalipa kwa mapenzi tu wakakuta mvua kama nyuzi nyeupe mbele ya kioo huoni unapoenda, mabango yameandikwa makosa, na zile za zamani zilikuwa zishaondolewa madukani. Rockstar wenye GTA wakaomba msamaha ikabidi wazirudishe kwa wa PC. Mwaka uleule Konami wakaua jina la PES, ile gemu ya mpira, wakaleta eFootball, 30 Septemba, nyuso za Messi na Ronaldo zikawa memu dunia nzima, kwenye Steam ikawa gemu yenye kura mbaya kuliko zote, matengenezo ya maana yamekuja Aprili 2022. Ilikuwa bure, sawa, bando lako je? Mpaka leo kuna vibanda vinachezesha PES za kitambo zilizowekewa timu mpya na mafundi wa mtaani, na wateja hawalalamiki.

Haya, umeshanunua na ni bovu. Steam sheria ni siku 14 tangu ununue na usiwe umecheza zaidi ya saa mbili, ukiwa ndani ya hapo omba hela irudi bila aibu, sababu yoyote inakubalika. Tatizo ni kwamba saa inahesabu tangu gemu imefunguka, hata ukiwa kwenye menyu. The Last of Us Part I ilipokuja PC Machi 2023 kuna mashine zilikaa saa nzima na zaidi inapakia shaida tu (maandalizi ya grafiksi kabla ya kucheza), hujagusa chochote na nusu ya muda wako umeliwa. Kwaiyo saa ya kwanza nenda moja kwa moja sehemu yenye vurugu, usikae kutengeneza sura ya mhusika dakika arobaini. Duka la PlayStation ni siku 14 pia ila ukianza tu kuishusha au kuicheza umeshapoteza hiyo haki, labda iwe na hitilafu, ndo maana kwenye PS kusubiri rivyu ni lazima kuliko PC. Na kama ulilipa kwa kadi ya zawadi hela inarudi kwenye waleti ya duka, usitegemee kuiona kwenye simu.

Muda umepita huwezi kurudishiwa? Usiifute kwa hasira, angalia kwanza ni ya aina gani. Inayochezeka peke yako na kampuni bado ina hela, ipe mwaka au miwili: Cyberpunk apdeti ya 2.0 ya Septemba 2023 iliigeuza kabisa, na No Man's Sky iliyotukanwa 2016 kwa sababu wachezaji wawili walikutana sehemu moja na hawaonani, Julai 2018 ikapata kucheza pamoja na mpaka leo wanatoa apdeti za bure. Inayotegemea seva ni habari nyingine. EA walisema wataifufua Anthem, Februari 2021 wakaachana nayo, afu wakatangaza seva zinazimwa 12 Januari 2026, na ile haichezeki bila seva hata sekunde. Kwaiyo ukikuta diski yake mtumba inauzwa bei ya chee na muuzaji anakwambia hii kali, mwambie akuwashie kwanza uione.