Ua wangu Dodoma, bila mpira wa maji

Mwaka wa kwanza nilipanda nyasi za Pemba. Bili ya maji ilinitoa jasho, na kufika Agosti zilikuwa zimekauka kama jamvi. Niling'oa zote.

Dodoma mvua huanza Desemba, Aprili imekwisha. Kwa hiyo panda mvua za kwanza tu, mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Chimba shimo la futi mbili, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza, na uache kisahani kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Kisha tandaza majani makavu, unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina. Mchwa wa huku hawana adabu.

Uzio wangu ni minyaa: unakata tawi, unaliacha kivulini siku chache kidonda kikauke, unachomeka. Utomvu wake ni hatari kwa macho, vaa miwani. Mbele nina mishubiri na bogenvilia. Bogenvilia ukiimwagilia sana inakupa majani badala ya maua. Kivuli ni mwarobaini, nimeupanda mbali na ukuta.

Maji ya kusuuzia nguo naumwagia mwarobaini jioni. Mishubiri siigusi.