Mvua ya Julai: nilivyojifunza Octave kwa daftari langu la Hombolo

Mbukwenyi! Mimi ni afisa ugani, nakaa Hombolo, Dodoma, na kompyuta nimeanza kuishika ukubwani. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba programu za hesabu ni za wahandisi.

Nilichukua GNU Octave, programu ya kukokotoa na kuchora grafu kwa kuandika amri, kwa sababu ni ya bure na lugha yake inakaribiana sana na ya MATLAB, programu ya kazi hiyohiyo ambayo leseni yake inalipiwa. (John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, na jina ni la mwalimu wake wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel. Mimi nilidhani ni mambo ya muziki.) Faili la kusakinisha ni mamia ya megabaiti, usimalizie bando humo, tafuta mwenye nalo kwenye fleshi.

Mifano ya vitabuni iache kwanza. Anza na takwimu zako. Mimi nilikuwa na daftari la kipimamvua, ninachokisoma kila siku saa 3 asubuhi. Nikaliingiza kwenye Excel, tarehe kwa mtindo wetu: 7/1 ndiyo Januari 7. Grafu ilipotoka, milimita 42 zilikuwa zimenyesha Julai mosi. Hombolo, Julai! Mwezi ambao hapa ni vumbi na upepo tu. Kumbe mashine ilisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Zingekuwa takwimu za nchi ya watu, ningezimeza hivyohivyo.

Siku hizi tarehe naigawa safu tatu, na faili nalihifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato:

mwaka,mwezi,siku,mm
2023,1,6,0
2023,1,7,42
2023,1,8,

Tazama mstari wa mwisho. Sifuri maana yake nilipima, chombo kikavu. Pengo maana yake sikupima. Ukiiachia dlmread, amri ya Octave ya kusoma faili kama hili, yenyewe, itaziba pengo kwa sifuri bila kukuuliza, na mvua yako itapungua kimyakimya. Iambie iweke NaN, yaani "si namba":

M = dlmread('mvua.csv', ',', 1, 0, 'emptyvalue', NaN);
sawa = ~isnan(M(:,4));
jumla = accumarray(M(sawa,2), M(sawa,4));
bar(jumla)

Ile 1, 0 inaruka mstari wa vichwa bila kuruka safu yoyote. Mstari wa pili unabakiza siku zilizopimwa, wa tatu unajumlisha kwa mwezi. Faili liwe la mwaka mmoja, la sivyo Januari zote zitarundikana pamoja.

Sasa kumpa mwenzio. Mara ya kwanza nilibandika msimbo kwenye WhatsApp kama ujumbe, nikamtumia mwenzangu wa Bahi. Alama za kunukuu zilikuwa zimepinda, faili la mvua nililisahau, na ndani nilikuwa nimeandika njia ya folda ya kompyuta yangu, C:\Users na jina langu. Akapiga simu: "Dada, mbona inanitukana kwa Kiingereza?"

Weka vyote kwenye folda moja: mvua.csv, jumla_mvua.m (ndiyo msimbo) na SOMA.txt (maelezo ya takwimu). Jina la msimbo lisiwe na nafasi wala lisianze na tarakimu. Ndani taja 'mvua.csv' tu, bila njia ndefu. Finya folda kuwa zip, itume kama faili. Kabla ya hapo funga Octave, nakili folda kwenye fleshi, uiendeshe kutoka huko, kilichosahaulika kitajitaja.

Kama mwenzio anatumia MATLAB, maelezo yaanze kwa % badala ya #, na if uifunge kwa end, si endif. Ile emptyvalue haijulikani kwao; atumie readmatrix('mvua.csv'), inaweka NaN yenyewe. Ukitaka kumpa faili la mat, yaani faili la takwimu la MATLAB, andika save -v7 mvua.mat M. Save ya kawaida ya Octave hutoa maandishi ambayo MATLAB haiyasomi.

SOMA.txt ndiyo watu huipuuza, nami ndiyo naiandika kwa makini kuliko msimbo. Yangu ya mwaka ule inasema hivi:

Kipimo ni milimita. Husomwa saa 3 asubuhi, hivyo mvua ya usiku imeandikwa tarehe ya asubuhi yake. Hadi Machi 12 kipimamvua kilikuwa karibu mno na mwarobaini. Baada ya hapo kiko uwanjani, peupe. Januari 8 sikupima, nilikuwa msibani Kongwa.