Saundi kadi za kinanda cha sinema kwenye kompyuta: hesabu matundu kabla hujatoa hela

Nilitaka kupiga kinanda cha sinema kwa kompyuta, nikanunua adapta tatu za sauti za USB Kariakoo, zile ndogo kama kidole gumba, nikaona nimeula, kila moja ina stereo yake kwa hiyo tatu ni chaneli sita, hesabu imekaa. Nikapiga dakika tatu hivi, safi kabisa, halafu "tak". Nikaendelea, dakika nyingine tatu na kidogo, "tak" tena. Nikabadilisha waya, nikahamisha tundu la USB, nikamlaumu mpaka mtoto aliyekuwa anaangalia katuni chumba cha pili. Kumbe shida ilikuwa adapta zenyewe, na nitaeleza hapo chini, maana ndo jambo ambalo wengi wanaoanza wanaliruka.

Kwanza tuelewane tunajenga nini. Kinanda cha sinema sio kile cha kanisani. Hivi vilifungwa kwenye majumba ya sinema Marekani na Uingereza enzi za filamu bubu, mtu mmoja anakaa anapiga badala ya bendi nzima. Kampuni ya Wurlitzer ya North Tonawanda, New York, ndo ilitengeneza vingi, zaidi ya 2,200, na kichwa kilichokuwa nyuma ya mtindo huo ni Mwingereza Robert Hope-Jones aliyejiunga nao 1910. Mabomba yanayotoa sauti hayakai mbele yako, yamefungiwa vyumbani, mara nyingi viwili, kimoja Main kingine Solo, huku na huku ya jukwaa, na ukuta wa mbele wa kila chumba una mbao zinazofunguka na kufunga kwa pedali ya mguu, vilevile kama madirisha ya luva ya nyumba za zamani. Ukifungua luva sauti inamwagika ukumbini, ukifunga inabaki inanguruma kwa ndani. Sasa chukua vyote hivyo, Tibia (mabomba ya filimbi nene) inayotikisika, Vox Humana (inayoiga sauti ya mtu) inayotikisika kwa mwendo wake mwingine, tarumbeta, marimba, ngoma, uvisukume kwenye spika mbili za mezani. Utapata uji.

Mi natumia GrandOrgue, programu inayopiga sauti za kinanda halisi zilizorekodiwa, kwa sababu ni ya bure, ila mwenye programu nyingine kama Hauptwerk mawazo ni yaleyale, vitufe tu ndo vinahama.

Hatua ya 1: matundu ya kutolea sauti

Unataka angalau chaneli sita, nane ukipata, na ZOTE zitoke kwenye kadi moja. Hapa ndo narudi kwenye "tak" yangu. Kila saundi kadi ina saa yake ndani, kikristali kidogo kinachohesabu sampuli, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti. Kadi ikisema inatoa sampuli 48,000 kwa sekunde, ujue ni karibu na 48,000, sio hapohapo. Tuseme kadi mbili zinapishana sehemu 50 kwa milioni, kwa vitu vya bei chee sio ajabu hata kidogo. Hiyo ni sampuli 2.4 kila sekunde. Bafa yangu, yaani akiba ya sauti inayosubiri kutoka, ilikuwa sampuli 512. Gawa 512 kwa 2.4 unapata sekunde 213, yaani dakika tatu na nusu, na hapo kadi moja imeshaishiwa wakati mwenzake bado ana akiba. Tak.

Kuna watakaokwambia weka ASIO4ALL (dreva ya sauti ya bure ya Windows) uziunganishe. Itaziunganisha jina, saa zitabaki tatu. Kwenye Mac kuna afadhali kidogo, ukienda Audio MIDI Setup unaweza kuunganisha kadi zikawa kama moja na kuna kiboksi cha kusahihisha huo mpishano, lakini mi kama sina Mac siwezi kujipa moyo kwa kitu cha jirani.

Njia ya bei rahisi ambayo watu wanaidharau: kompyuta ya mezani. Angalia nyuma, kama ina yale matundu ya rangi, kijani, chungwa, nyeusi, kijivu, basi una chaneli nane tayari na saa ni moja. Kijani ni 1 na 2, chungwa ni 3 na 4, nyeusi ni 5 na 6, kijivu ni 7 na 8. Huo ndo mpangilio wa kawaida ila jaribu moja moja usikubali kwa maneno, hata yangu. Kama una laptopu basi tafuta kadi ya nje yenye matokeo mengi, Behringer UMC404HD inatoa 4 tu, hazifiki sita, inayozidi hapo ni UMC1820. Na uwe macho na vijiti vya USB vilivyoandikwa "7.1" halafu vina tundu moja la hedifoni na moja la maiki. Tundu moja la hedifoni ni chaneli mbili, maandishi kwenye boksi hayaongezi waya.

Hatua ya 2: itulize Windows

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, enta. Chagua kadi yako, bonyeza Configure, weka 7.1, na ukiulizwa kuhusu spika zenye uwezo kamili weka tiki zote, la sivyo Windows inaweza kuanza kukupangia yenyewe besi iende wapi. Kwenye sifa za kadi zima mapambo yote ya sauti (enhancements), weka 48,000 au 44,100 kulingana na sauti za kinanda chako zilivyorekodiwa. Halafu nenda kwenye Sounds uchague No Sounds. Usiponisikia hapa utanikumbuka siku unapiga wimbo wa taratibu luva zimefunguka zote na Windows inataka kukwambia betri imepungua, "ding" kupitia subwufa.

Umeme weka High performance, na kule kwenye setingi za USB zima ile ya kulaza vifaa ili kubana matumizi. Waifai izime ukipiga, kuna laptopu dreva yake ya waifai inakatakata sauti (kwa hiyo mtoto wa katuni sikumwonea sana).

Hatua ya 3: kugawa safu

Hapa usiwe na haraka. Safu ni seti ya mabomba ya mlio mmoja, toka noti ya chini hadi ya juu. Ndani ya GrandOrgue unatengeneza makundi ya sauti, mi nimeyaita Main, Solo, Tibia na Besi. Kwenye ukurasa wa kutolea sauti unaongeza kadi yako, unaipa chaneli 8, halafu kila chaneli unaiwekea kundi lake. Main kushoto chaneli 1, kulia chaneli 2. Solo ni 5 na 6. Tibia ni 7 na 8. Besi naipeleka chaneli 4 peke yake kwenye subwufa, 3 iko tupu.

Kisha fungua kinanda, ingia kwenye setingi za kinanda chenyewe, utaona safu zote zimepangwa kama mti, unabonyeza safu unachagua kundi. Gawa kwa SAFU, usigawe kwa vitufe vya sauti. Kinanda cha sinema kina safu chache zinazofanya kazi nyingi, safu moja ya Tibia ndo inayolia ukibonyeza futi 16, futi 8, futi 4 na kuendelea (futi nyingi, sauti ya chini), ni mabomba yaleyale yamepanuliwa.

Kwangu Main ina nyuzi, filimbi, Diapason, klarineti na Vox Humana. Solo ina tarumbeta, Tuba, Kinura na vitu vya kugonga. Tibia nimeipa spika zake peke yake na hili ndo badiliko moja lililonifanya nicheke mwenyewe chumbani, kwa sababu Tibia na Vox zikitikisika ndani ya spika moja zinakwaruzana, ila ukizitenganisha zinachanganyikia hewani, kama zinavyofanya ukumbini. Kwenye kundi la Besi niliweka oktava ya chini tu ya futi 16, unaweza kufungua safu ukachagua bomba moja moja. Ile C ya chini kabisa ni kama hezi 33, spika ya inchi tano itatetemeka tu bila kukupa kitu. Ukimaliza hifadhi, mi nilisahau nikarudia kazi yote.

Hatua ya 4: bafa

Anza na 512. Kwa 48,000 hiyo ni milisekunde 10.7, na sauti hewani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo ni sawa na spika kuwa kama mita 3.6 kutoka ulipo. Wapiga vinanda halisi mabomba yalikuwa mbali zaidi ya hapo na walipiga. Kompyuta ikilemewa panda 1024, usione aibu. Ikikatika hata hapo, punguza idadi ya sauti zinazolia pamoja kabla hujafikiria kununua kompyuta nyingine.

Hatua ya 5: mngurumo

Umewasha kila kitu, hujagusa kibodi, na spika zinasema "mmmmm". Chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukikata, ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kama kadi na spika zinakubali tumia waya za jeki zenye mapete mawili meusi badala ya moja, na ikigoma weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye laini ya sauti. Kuna fundi alinishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi. Usikate. Hiyo pini ndo inayokulinda siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma.

Ukishatulia, bonyeza noti moja ya kila safu na utembee ukiweka sikio kwenye kila spika, uandike kwenye karatasi kipi kinatoka wapi. Karatasi yangu nimeibandika nyuma ya skrini, maana Windows ikijiapdeti inapenda kurudisha kadi kuwa stereo, na siku hiyo Tibia yote inapotea bila kuaga.