Kutumia Ruta ya Zamani Kusambaza Wi-Fi Nyumbani

Ruta moja iliyowekwa sebuleni mara nyingi haiwezi kuihudumia nyumba nzima, hasa pale kuta zinapokuwa nene au sakafu ya ghorofa inapokuwa ya zege lenye nondo. Katika nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo kuta zake huweza kufikia unene wa nusu mita, hata chumba cha pili kinaweza kukosa mawimbi. Aliye na ruta ya zamani kabatini asikimbilie kununua kifaa cha kurudia mawimbi. Vifaa vingi vya bei nafuu vya aina hiyo hupokea na kutuma kwa redio ileile, na kwa hiyo hupunguza kasi kwa takriban nusu, hasara ambayo ruta iliyounganishwa kwa waya haiipati.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba ruta kuu pekee ndiyo inayobaki na kazi ya kugawa anwani za IP, yaani namba zinazokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na kuiunganisha nyumba na intaneti. Ile ya pili inasambaza tu. Ruta mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, simu na kompyuta zitapotea njia mara kwa mara, na chanzo cha tatizo kitakuwa kigumu kukigundua.

Shughulikia ruta ya zamani ikiwa peke yake kwanza. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe chake kidogo cha nyuma kwa takriban sekunde 10, iunganishe na kompyuta kwa waya kupitia tundu mojawapo la LAN (matundu ya vifaa vya ndani ya nyumba), kisha uandike kwenye kivinjari anwani iliyochapishwa kwenye kibandiko chake, ambayo aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ikiwa ndani yake kuna chaguo lililotengwa kwa matumizi haya, ambalo aghalabu huitwa Access Point au AP, kama zilivyo ruta nyingi za miaka ya karibuni, lichague na kazi kubwa itakuwa imekwisha.

Kama halipo, fuata mpangilio huu bila kuubadilisha. Anza na jina la Wi-Fi na nenosiri, ukiyafanya yawe sawa kabisa na ya ruta kuu, pamoja na aina ya ulinzi, ili simu ihame yenyewe unapopanda ghorofani. Ruta isiyoweza kutumia WPA2 au zaidi ni afadhali iachwe kabatini, kwa kuwa ulinzi wa zamani wa WEP huvunjwa kwa urahisi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani; ruta kuu ikiwa kwenye 1, hii iweke kwenye 6 au 11.

Kisha badilisha anwani ya ruta yenyewe. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200: mpe mwenzake 192.168.1.2, iliyo nje ya fungu hilo. Ingia upya kwa anwani hiyo mpya, na hapo ndipo uzime DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani. Ukiizima mapema, kompyuta inaweza kukosa anwani na ukashindwa kurudi kwenye mipangilio.

Sasa pitisha waya kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya pili, na tundu la WAN (la kupokelea intaneti) la ruta ya pili libaki wazi. Waya ukiingizwa kwenye WAN, intaneti itapatikana, lakini utakuwa umetengeneza mtandao ndani ya mtandao, na simu iliyoko chini haitaiona printa iliyoko juu. Waya wa Cat 5e unatosha hadi mita 100. Angalia tu kwamba ruta nyingi za zamani zina matundu ya Mbps 100, kwa hiyo hutapata zaidi ya hapo hata kifurushi chako kikiwa na kasi kubwa.

Mwishowe, unganisha simu ukiwa karibu na ruta ya pili na utazame maelezo ya mtandao. Anwani ya ruta inayoonyeshwa hapo inapaswa kuwa 192.168.1.1, ukiona 192.168.1.2, DHCP ya ruta ya zamani bado inafanya kazi.