Kupiga korido ya hospitali ya wagonjwa wa akili kwa filamu ya kutisha

Hofu ya kisaikolojia hubebwa na korido kuliko damu. Filamu ya Session 9 (2001) ilipigwa katika hospitali halisi iliyofungwa, Danvers, Massachusetts. Kwako korido ya shule usiku inatosha.

Taa kwanza. Zima zote, bakiza taa za mrija mbili tatu zilizo mbali na kamera, ili mhusika azame gizani na kuibuka. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa zitapepesa au mistari ya giza itatambaa kwenye picha, na kuisafisha baadaye ni mateso.

Lenzi ya milimita 24, kamera juu ya kiti cha magurudumu. Punguza upepo wa matairi kidogo yasitikise. Sukuma polepole, kisha polepole zaidi.

Rekodi ukimya wa korido kwa sekunde 60, watu wote wametulia. Bila huo wa kutandaza chini ya sauti nyingine, kila unapokata wakati wa kuhariri patasikika.

Mgonjwa asiwe zimwi. Kukodoa macho na kucheka ovyo kumechosha watazamaji. Mpe kazi ndogo, kama kukunja shuka lilelile mara kwa mara, na kamera isimsogelee.