Jifunze kuusoma mkia wa nyangumi ukiwa bado Dodoma

Kila mwaka nakusanya watu wa hapa Dodoma tunashuka pwani kuwaona nyangumi wa nundu, wanaotoka bahari za Antaktika na kufika kwetu kati ya Julai na Oktoba kuzaa na kutafuta wenza. Mkia ukiinuka, unauona kwa sekunde chache tu. Asiyejiandaa huona kitu kikubwa cheusi, kisha maji. Ndiyo maana tunaanza na mafunzo huku huku nchi kavu.

Hatua ya 1: Nenda kwa muuza samaki
Pale soko la Majengo, omba kushika perege wa Mtera. Kichwa kishike kwa mkono mmoja, mkia uupeleke kulia na kushoto. Unakwenda. Sasa uupeleke juu na chini: unagoma. Mkia wa samaki umesimama wima. Wa nyangumi umelala, naye huupiga juu na chini, kwa sababu ni mnyama anayenyonyesha na mababu zake walitembea nchi kavu. Ukitoka sokoni, mtazame mbwa anayekimbia, mgongo wake unavyojikunja na kunyooka. Mwendo ni huo huo.

Hatua ya 2: Pima kwa kamba
Kwenye uwanja wazi chora mwili wa mita 14, kisha mkia wenye upana wa mita 4 hivi. Ndani ya yale mapana mawili ya mkia hamna mfupa hata mmoja. Nguvu inatoka kwenye misuli ya mgongo na kiuno cha mkia, yaani pale mwili unapokuwa mwembamba kabla ya mkia.

Hatua ya 3: Zijue ishara
Hapa usiharakishe.

Mgongo ukijikunja kuliko kawaida na kiuno cha mkia kikachomoza, shika kamera. Mkia ukipanda wote, maji yakichuruzika pembeni, anazama kina kirefu, na uzito wa mkia ulio hewani unamsaidia kushuka. Tazama saa: anaweza kukaa chini dakika 10 au zaidi. Akionyesha mgongo tu, mara nyingi hakawii kurudi juu.

Ishara ninayoipenda kuliko zote ni duara laini linalobaki juu ya maji, kama mtu kamwaga mafuta. Kila pigo la mkia husukuma maji kwenda juu, na hayo maduara yakifuatana yanakuonyesha anakoelekea. Jaribu nyumbani: jaza beseni, zamisha mwiko wa ugali ukiwa umelala, uusukume juu kwa nguvu bila kuutoa majini. Utaona maji yanavimba na kulainika juu yake.

Kisha kuna kupiga maji kwa mkia, kishindo kinachosikika mbali. Kule Gulf of Maine, Marekani, baadhi yao hupiga hivyo wanapowinda samaki. Huku kwetu karibu hawali kabisa, wanaishi kwa mafuta ya mwilini, kwa hiyo kishindo kina maana nyingine: kuwasiliana, ushindani wa madume, au kukerwa. Safari moja nahodha alizidi kumsogelea mama mwenye mtoto. Mama akapiga maji mara tatu, abiria wakashangilia kwamba anatusalimia, kisha akaondoka na mwanawe na hatukuwaona tena. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa nakubaliana na nahodha: mita 100, na boti isiingie kati ya mama na mtoto.

Hatua ya 4: Jiandae na kusi
Miezi hiyo upepo wa kusi huchafua bahari. Toka asubuhi na mapema, na dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda boti.

Hatua ya 5: Piga picha ukiwa nyuma yake
Unachotaka ni upande wa chini wa mkia. Mchanganyiko wake wa weusi na weupe, pamoja na makovu na kingo zilizokatika, haufanani na wa nyangumi mwingine yeyote, kama alama za vidole. Tovuti ya Happywhale hupokea picha za namna hiyo na kuzilinganisha na za kwingineko duniani. Hata iliyotikisika kidogo usiifute. Iandikie tarehe na mahali.